Si kila injini inayovuja inataka silikoni

UKISHUKA matatu nambari 46 pale Kawangware, hutatembea mbali kabla ya kukutana na pikipiki iliyofunguliwa injini. Gunia limetandikwa chini, boliti ziko ndani ya mkebe, na kijana mwenye mikono myeusi anakamua tyubu ndogo. Vuka Ngong Road uingie Kibera, mambo ni yale yale. Injini ikivuja dawa ni moja: piga silikoni, maneno iishe.

Shida ni kwamba maneno hayaishi. Wiki mbili baadaye mteja anarudi na oili inatiririka palepale, au injini imenoki kabisa. Kwa fundi kijana anayejenga jina, hilo si jambo dogo. Wengi wa wanaoendesha boda wanalipia mkopo au wanampelekea mwenye pikipiki pesa kila jioni. Siku ambayo pikipiki imelala gereji, hakuna kitu mfukoni. Akichomwa mara moja, steji nzima itajua ni nani aliyemchoma.

Basi kabla ya kufungua tyubu, jiulize: hapa naziba nini? Kazi ya gasketi ni kujaza nafasi kati ya vyuma viwili ili oili, maji, petroli au moto wa silinda usipite. Kila kimoja kati ya hivyo kina adui wake na dawa yake.

Tuanze na silikoni yenyewe, ile inayoitwa RTV. Hukauka kwa kuvuta unyevu ulio hewani, kisha inabaki laini kama mpira. Inafaa sana kwenye sampu ya oili, kwenye kona za tapeti kava, na kwenye vifuniko vya bati vinavyotikisika. Nyingi huvumilia joto la takriban nyuzi 250, na zile za kopa hupita 300. Usichague kwa rangi pekee, soma lebo. Ukifungua tyubu ukasikia harufu kali ya siki, hiyo ni ile inayotoa asidi inapokauka. Inaweza kula chuma na kuharibu sensa ya oksijeni kwenye gari. Tafuta ambayo lebo yake inasema ni salama kwa sensa.

Adui mkubwa wa silikoni ni petroli. Ukiipaka kwenye kabureta itavimba, ilegee na kutoka vipandevipande. Pale weka gasketi yake au oringi mpya, basi.

Kosa la pili ni kupaka kama siagi kwenye mkate. Ile silikoni unayoiona imebubujika nje baada ya kukaza, nyingine kama hiyo imebubujika ndani. Ikikatika inasafiri na oili hadi kwenye chujio na kuliziba. Pampu inavuta, haipati kitu, na vyuma vinasagana vikavu. Injini ya boda hubeba takriban lita moja tu ya oili, kwa hivyo haina akiba ya kukuvumilia. Mstari mmoja mwembamba wa milimita mbili au tatu, unaozunguka kila tundu la boliti kwa upande wa ndani, unatosha.

Halafu kuna gasketi ya hedi. Hii haipakwi silikoni, isipokuwa kitabu cha injini kiseme uweke tone mahali fulani. Ndani yake kuna mlipuko usiokoma na presha ambayo silikoni haiwezi kuizuia. Gasketi nyingi za siku hizi ni mabati membamba yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na mpako wake umetoka nao kiwandani. Ikiwa umeweka mpya na bado maji yanaingia kwenye oili, huenda hedi imepinda. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu yake kisha ujaribu kupitisha fila geji chini. Ikipita zaidi ya kipimo cha kiwanda, hedi iende ikaskimiwe. Wakati wa kurudisha, kaza boliti kuanzia katikati ukielekea nje, kwa awamu, ukitumia toki renchi. Mkono wenye nguvu haujui vipimo.

Kwenye boda, gasketi za karatasi ndizo husumbua. Wengine huzitupa na kuweka silikoni peke yake. Karatasi ile ina unene wake, na unene huo ulihesabiwa. Ukiitoa chini ya silinda, silinda inashuka na kompresheni inabadilika. Ukiitoa kwenye kifuniko cha pembeni, shafti inaweza kubanwa. Kama gasketi haipatikani hata Kirinyaga Road, nunua karatasi ya gasketi yenye unene uleule, ulaze juu ya kifuniko na ugonge ukingoni taratibu kwa nyundo ndogo hadi ikatike kwa umbo lake. Ujuzi huo wa jua kali ni wa thamani. Katoni ya unga iache jikoni.

Ipo pia gundi ya anaerobiki, ambayo wengi hawaijui. Ilitokana na kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia nchini Marekani, ambaye kampuni aliyoianzisha mwaka wa 1953 ndiyo iliyozaa jina Loctite. Gundi hii hugeuka ngumu pale tu hewa inapokosekana na inapogusana na chuma. Ni nzuri kwa nyuso mbili zilizochongwa sawasawa zisizo na karatasi katikati, kama zile za gia boksi. Iliyobubujika ndani hubaki majimaji na kuchanganyika na oili bila kuziba kitu. Lakini kwa kifuniko cha bati kilichopinda, haitakusaidia.

Chochote utakachochagua, chuma kisipokuwa safi umepoteza pesa. Kwangua mabaki ya zamani kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, maana grinda inachimba alumini. Futa mafuta hadi kitambaa kitoke cheupe. Mafuta ya taa huacha utelezi, kwa hivyo usimalizie nayo. Na petroli, tafadhali, usiitumie kuoshea karibu na jiko au mtu anayechomelea. Kibera vibanda vimebanana, na moto wa kwako ni moto wa majirani.

Mwisho ni subira. Silikoni nyingi zinahitaji takriban saa 24 kukomaa. Mwambie mteja mapema, kabla hujafungua boliti ya kwanza, kwamba pikipiki italala. Atanung'unika, lakini siku moja ya kungoja ni rahisi kuliko injini mpya.

Kama umejifunzia haya yote chini ya mti, nenda ukafanye mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi III. Cheti kitafungua mlango wa gereji kubwa. Hapo steji, cheti chako ni ile injini uliyofunga mwezi jana, kama bado ni kavu.