Fahamu: Tapioca inavyoandika aina ambazo Sorbet haizioni
Programu ya Ruby inaweza kujitungia mbinu mpya ikiwa tayari inaendeshwa. Jedwali la wateja likiwa na safu ya `simu`, Rails huunda yenyewe mbinu `simu`, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Raha tupu, mpaka ukaguzi uanze. Sorbet, chombo cha kukagua aina kilichotoka Stripe na kufunguliwa kwa umma mwaka 2019, husoma msimbo bila kuuendesha, kwa hiyo husema mbinu hiyo haipo. Tapioca ya Shopify huiwasha programu kwanza, ikachungulia kila klasi ina mbinu zipi, kisha ikaziandika kwenye faili za RBI, ambazo Sorbet huzisoma: `simu` hurudisha maandishi, au pengine `nil`. Ukiongeza safu, endesha Tapioca upya. La sivyo Sorbet itaendelea kusoma ya jana.