Kiputo cha Alcubierre: Hesabu Inakubali, Nishati Haipo

Voyager 1, chombo cha Marekani kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde. Hata hivyo, lau kingeelekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, safari ingepita miaka 70,000. Nuru yenyewe hutumia miaka minne na robo hivi, na tangu mwaka 1905 Albert Einstein alishatuonyesha kwamba hakuna chombo kitakachoipita.

Mwaka 1994, mwanafizikia kijana kutoka Meksiko aliona upenyo. Miguel Alcubierre alikuwa Cardiff, Wales, na mwenyewe amekiri kwamba wazo lilichochewa na Star Trek, tamthilia ya televisheni. Marufuku ya Einstein, alisema, yanakihusu kitu kinachopita ndani ya nafasi. Nafasi yenyewe haikuwekewa kikomo.

Hizo si porojo. Nadharia ya jumla ya uhusianifu, ya mwaka 1915, inaeleza kwamba maada na nishati huipinda nafasi pamoja na wakati. Septemba 2015, mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa nafasi ikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali mno. Tena, ziko galaksi zinazotuacha kwa kasi kuliko nuru, kwa kuwa nafasi iliyo baina yetu nazo inazidi kutanuka.

Alcubierre akachora kiputo: mbele yake nafasi inasinyaa, nyuma inatanuka, na chombo kimetulia katikati, mfano wa mtu aliyekaa juu ya mkeka unaovutwa. Abiria hawasikii hata msukumo.

Taabu ni kinachokiunda kiputo hicho. Hesabu inadai nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri. Fizikia inaijua, lakini kwa chembe tu: mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alibashiri kuwa mabamba mawili ya metali yakikaribiana mno katika ombwe huvutana, na hapo kati nishati hupungua kupita utupu wenyewe. Mwaka 1997 nguvu hiyo ilipimwa kwa uhakika. Mwaka huohuo Michael Pfenning na Larry Ford walikokotoa kwamba kiputo cha kuchukua chombo kingetaka nishati hasi nyingi kuliko nishati yote ya ulimwengu unaoonekana. Miaka miwili baadaye Chris Van Den Broeck, Mbelgiji, aliibadili sura ya kiputo na kuishusha nishati hiyo hadi kiwango kinacholingana na maada ya majua machache. Nafuu hiyo, kusema kweli, si nafuu.

Kuna kasoro nyingine isiyotajwa sana, nayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo nzito zaidi. Kiputo kikiipita nuru, ishara kutoka chomboni haziwezi kuufikia ukuta wa mbele. Rubani hana usukani wala breki.

Ndiyo maana watafiti wengi wa sasa wameshusha matarajio. Mwaka 2024, katika jarida lilelile lililomchapisha Alcubierre, kundi la wanafizikia lilieleza kiputo kisichohitaji nishati hasi. Kinakwenda polepole kuliko nuru, gamba lake lenye nusukipenyo cha mita 20 tu linabeba maada kupita sayari mbili za ukubwa wa Mshtarii, na hesabu yao haielezi namna ya kukiondoa kiputo hicho mahali kilipo.