Je, Wajua? Maisha ya Twiga Huanza kwa Kuanguka

Je, wajua kwamba twiga huzaa akiwa amesimama? Ndama hutangulia kwa kwato za mbele na kichwa, kisha huporomoka kutoka karibu mita 2 hadi chini. Haumii. Kwa kawaida saa moja haipiti kabla hajasimama, na hapo tayari ana kimo cha mita 1.8, kuwazidi watu wazima wengi. Mama yake kambeba miezi 15.

Je, wajua mabaka hurithiwa? Mwaka 2018 watafiti wanaofuatilia twiga wa Tarangire, Tanzania, walionyesha kuwa baadhi ya sifa za mabaka, kama uduara wake na ulaini wa kingo zake, ndama huzipata kwa mama. Hakuna twiga wawili wenye mabaka sawa, kwa hiyo watafiti humtambua kila mmoja kwa picha tu. Waliona pia kuwa ndama wenye mabaka makubwa, yasiyo na umbo maalumu, hunusurika zaidi miezi ya mwanzo. Na miezi hiyo ni migumu kweli: simba, fisi na chui wote humtaka. Mama hujibu kwa teke, na teke la twiga laweza kumuua simba.

Majike huwakusanya ndama wao pamoja, wakaenda kula kwa zamu huku mmoja akibaki nao. Ni malezi ya jirani kwa jirani, porini.

Shingo ile ndefu ina pingili ngapi? Saba. Sawa na yako.

Moyo wake una uzito wa kilo 11 hivi, na shinikizo lake la damu ni takriban mara mbili ya la binadamu. Lazima iwe hivyo ili damu ipande hadi kichwani. Sasa mfikirie akiinama kunywa maji: kichwa kilichokuwa juu ya paa la nyumba kinashuka ghafla hadi chini ya moyo, naye hazimii wala ubongo haufuriki damu. Vali za mishipa ya shingoni na mtandao wa vijishipa karibu na ubongo huituliza damu hiyo. Kwangu mimi hakuna ajabu kubwa zaidi katika mwili wa mnyama huyu. Hata hivyo hainami mara nyingi. Maji mengi huyapata kwenye majani, na miguu ikishatanuliwa hawezi kukimbia upesi.

Ulimi wake? Sentimita 45, mweusi, hodari wa kupenya miiba ya migunga.

Ukipita Mikumi na basi, tazama ncha za pembe. Zenye kishungi cha nywele ni za jike. Zilizo na upara ni za dume, kwa kupigana vichwa na wenzake.

Na wajua kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa China? Waliomwona kule walimfananisha na qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao.

Jamaa pekee wa ukoo wa twiga aliyesalia ni okapi wa msitu wa Ituri, Kongo.

Twiga ni mnyama wa taifa la Tanzania, na timu ya taifa ya soka ya wanawake huitwa Twiga Stars. Lakini twiga wa Kimasai, huyu huyu wa Tanzania na kusini mwa Kenya, aliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Habari hiyo inauma.

Kwa hiyo, ili nijipe moyo, nawakumbuka watu wa Baringo, Kenya, waliowaokoa twiga wao. Maji ya Ziwa Baringo yalipopanda, twiga tisa walinaswa Longicharo, rasi iliyogeuka kisiwa. Likaundwa jahazi la chuma lenye kuta ndefu, twiga wakazoezwa kuliingia kwa kuwekewa majani ya migunga, hata maembe. Kazi ilianza Desemba 2020. Wa mwisho kuvushwa, Aprili 2021, walikuwa jike Ngarikoni na ndama wake, Noelle.