Athari za Uga wa Sumaku katika Mtiririko wa Tope Lenye Magnetiti: Mfano wa Uchenjuaji wa Dhahabu Geita

Ugiligili wa sumaku, kwa maana yake finyu, ni kioevu chenye chembe za magnetiti za kipenyo cha takribani nanomita 10. Ulibuniwa mwaka 1963 na Steve Papell wa NASA, nchini Marekani, ili kuongoza mafuta ya roketi mahali pasipo na uzito. Kwa kuwa mtikisiko wa molekuli huzuia chembe hizo kutuama, sumaku huvuta kioevu chote kama kitu kimoja. Tope linalotiririka katika mialo ya Geita lina magnetiti hiyohiyo, lakini chembe zake ni kubwa maelfu ya mara. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo sumaku itamfaa mchimbaji mdogo au itampotezea dhahabu.

Katika ukanda wa Geita, dhahabu huambatana kwa kiasi kikubwa na miamba ya matabaka ya chuma. Mwamba uliosagwa kwenye karasha unapopitishwa mwaloni, maji huchukua kwatzi yenye densiti ya 2.65, ilhali magnetiti yenye densiti ya 5.2 hubaki na dhahabu kama mchanga mweusi. Hapo sumaku huongeza kigezo cha pili cha utenganishaji, kwani magnetiti huvutwa nayo, lakini dhahabu haivutwi.

Hata hivyo, nguvu ya uga pekee haitoshi. Chembe husogea pale tu uga unapobadilika kutoka nukta moja hadi nyingine. Katika uga ulio sawa kila mahali, chembe hujipanga bila kuvutwa upande wowote. Aidha, mvuto huo hushindana na ukinzani wa maji. Mvuto hutegemea ujazo wa chembe, na ukinzani hutegemea kipenyo chake. Hivyo basi, kwa chembe ndogo, kipenyo kikipungua mara 10, kasi ya kuelekea sumaku hupungua mara 100. Mtiririko wa kasi huweza kuzipitisha chembe laini kabla hazijanaswa.

Athari ya pili ni ya chembe zenyewe kwa zenyewe. Ndani ya uga, kila chembe ya magnetiti hugeuka sumaku ndogo, ikashikamana na jirani yake na kuunda minyororo. Minyororo hiyo huongeza mnato wa tope na kufungia ndani yake vipande vyembamba vya dhahabu. Sumaku inapotumbukizwa katika tope zito, dhahabu hutoka pamoja na mchanga mweusi na kuishia kwenye marudio.

Kwa mantiki hiyo, inafaa tope liongezwe maji, sumaku ipitishwe kwa awamu, na mchanga ulionaswa uachiliwe majini na kuvutwa tena, ili minyororo ikatike na dhahabu idondoke. Ikumbukwe pia kwamba karibu na uso wa ardhi magnetiti huoza kuwa hematiti, ambayo sumaku ya mkononi haiivuti kwa urahisi; huko njia hii ina mipaka.

Suala hili linagusa afya pia. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo. Mchanga mweusi ukipungua kabla ya hatua ya mwisho, kiasi cha kuchanganywa na zebaki hupungua, na uyeyushaji kwa boraksi bila zebaki huwa rahisi zaidi.