Beseni moja, mikono thelathini

Wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama tunapowapeleka watoto chekechea au madrasa, huuliza habari za masomo, ada na sare. Ni nadra kuuliza watoto wananawaje. Wakati wa uji, aghalabu huletwa beseni moja, nao hutumbukiza mikono mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza hunawa maji. Wa thelathini hunawa uchafu wa wenzake ishirini na tisa.

Kuhara ni miongoni mwa maradhi yanayoua zaidi watoto walio chini ya miaka 5 duniani. Kuishi kando ya Ziwa Victoria si kinga: kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi, Mara ikiwamo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonesha kuwa kuhimiza unawaji kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30.

Dini yetu ililitangulia jambo hili. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza aamkaye usingizini kutumbukiza mkono chomboni kabla ya kuuosha, kwani hajui mkono huo ulilala wapi. Ikiwa mtu mzima atokaye kitandani ameamrishwa hivyo, seuze mtoto wa miaka minne atokaye chooni!

Hata hivyo, tusidhani kuwa udhu unatosha mahali pa sabuni. Udhu ni ibada, nao humzoesha mtoto kusafisha viungo kwa utaratibu. Lakini mafuta na vijidudu vya kinyesi hung'ang'ania ngozini, na sabuni ndiyo huving'oa.

Dawa ya beseni ni kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, litoboe tundu dogo karibu na mdomo, ulining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, usawa wa kifua cha mtoto. Kamba ya shingoni mwa dumu ifungwe kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto akikikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika, bila mkono kugusa chombo. Sabuni ining'inizwe kando, au iyeyushwe katika chupa ya maji ili isipotee.

Kifaa pekee hakitoshi. Mwalimu asimame hapo kila watokapo chooni na kabla ya kula, anawe nao, awaoneshe viganja, migongo ya mikono, baina ya vidole na kucha. Nyumbani, mama na baba wafanye vivyo hivyo, kwani mtoto huiga akionacho.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya wanavijiji kandokando ya redio wajifunze usafi, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Kazi yetu ni nyepesi zaidi. Kila kamati ya msikiti yenye madrasa itenge dumu, kamba na kipande cha sabuni kabla ya Ijumaa ijayo, na wazazi wapokezane zamu ya kujaza maji.

Wabillahi tawfiq.