Moduli za silikoni: shida si chipu, ni gundi na baridi



Kwa sisi wa Brampton, watu walio karibu wanaotengeneza vitambuzi vya silikoni wako Chuo Kikuu cha Toronto, kama kilomita 40 kutoka hapa. Wanaunda vipande vya mtambo wa ATLAS, ule wa CERN, Geneva. Nieleze kidogo, maana habari hizi kwa Kiswahili huishia kwenye "chembe zimegongana", basi.

Kitambuzi (wengine husema kigunduzi, sina ugomvi) ni kipande chembamba cha silikoni kilichotiwa volti nyingi. Chembe yenye chaji ikikipenya hung'oa elektroni njiani. Kwenye unene wa mikromita 300 ni elektroni 22,000 hivi, yaani karibu na bure! Silikoni hugawanywa vijisehemu vidogo, pikseli, na kila pikseli hushikwa na kitone chake cha lehemu kwenye chipu ya kusomea. Silikoni, chipu na waya zake, hiyo ndiyo moduli. ATLAS ilianza na moduli 1,744, pikseli milioni 80. Mtambo mpya utakuwa na pikseli kama bilioni 5. Sasa hesabu vitone: kimoja kikikosa kushika, pikseli ile ni kipofu.

Toronto wao hawaundi pikseli bali ndugu yake wa tabaka za nje: silikoni yenye milia, kama ya punda. Hapa ndipo kuna kisa chenyewe.

Mnururisho huharibu silikoni, ikaanza kuvujisha umeme, na joto huzidisha uvujaji. Dawa ni kuigandisha, nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Lakini ubao wa elektroniki umegandishwa kwa gundi juu ya silikoni moja kwa moja, na ubao una shaba. Shaba hunywea sana kwenye baridi, silikoni kidogo tu, na gundi nayo inakuwa ngumu kama jiwe. Basi silikoni ikapasuka. Moduli zilizofaulu majaribio yote zikiwa pekee zilipasuka baada ya kubandikwa kwenye fremu na kupoozwa. Waliowahi kushika lehemu Nortel hapa Brampton, kabla haijafilisika 2009, wataelewa mara moja.

Wakarudi mezani. Suluhisho lililopatikana halina makeke: tabaka jembamba la plastiki ya Kapton na gundi laini katikati, ili shaba ivute bila kuvuta silikoni. Kazi ya miaka ikasubiri gundi!

Na haraka haisaidii. LHC iliyoongezwa nguvu imepangiwa kuanza 2030, na moduli zikishafungiwa mle ndani, iliyopasuka haitolewi kirahisi. Itabaki hivyo hivyo miaka, imenyamaza.