SHABIKI SI HAKIMU, WALA SI NGAO

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wahenga waliyasema hayo kwa ajili ya wazazi, lakini methali hiyo inawafaa vilevile mashabiki wa michezo, kwani shabiki naye ni mlezi wa namna yake. Yeye ndiye ampaye kijana jina, ndiye amshangiliaye, ndiye ambebaye mabegani siku ya ushindi. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: siku kijana huyo anapofikishwa kizimbani kwa shitaka la silaha, shabiki wake asimame wapi?

Swali hilo lilitujia tulipokuwa Mtae, katika wilaya ya Lushoto. Msomaji wa visiwani ambaye hajapata kufika huko yafaa aelezwe njia. Mtu akishavuka bahari na kushuka Tanga, hushika safari ya Mombo, akapanda mlima kwa barabara ya lami kupitia Soni hadi Lushoto, kisha akaendelea kwa barabara ya udongo kati ya mashamba ya viazi, kabichi na migomba, mpaka pale milima ya Usambara inapokatika ghafla kama ukuta wa nyumba. Hapo ndipo Mtae. Chini kabisa hutandaa nyika ya Mkomazi, na siku isiyo na ukungu mtu huiona milima ya Taita iliyo katika nchi jirani ya Kenya, na hata Kilimanjaro.

Jioni moja tuliketi katika hoteli ndogo ya chai, na vijana waliotoka uwanjani wakawa wanabishana ni nani mkimbiaji hodari kupita wote waliopata kutoka Afrika ya Mashariki. Mmoja akamtaja Samuel Wanjiru wa Kenya. Hapo ubishi wa mbio ukageuka kuwa ubishi wa bunduki.

Kwa faida ya wale waliosahau, hatuna budi kueleza kwa ufupi. Wanjiru alizaliwa Nyahururu mwaka 1986 katika hali ya ufukara. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alichukuliwa kwenda kusoma katika shule ya Sendai Ikuei huko Japani kwa sababu ya wepesi wa miguu yake. Tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alikuwa Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo, na rekodi yake ya Olimpiki haikuvunjwa mpaka mwaka 2024 mjini Paris. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 akashinda tena Chicago. Fedha nyingi na sifa nyingi zilimjia kijana ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 25.

Mwishoni mwa Desemba 2010 polisi walimkamata Nyahururu. Akashitakiwa kwa kumtishia mkewe kifo, kumjeruhi mlinzi, na kumiliki bunduki ya aina ya AK-47 kinyume cha sheria. Aliyakana mashitaka yote na kusema kwamba alikuwa ametegewa. Mwezi Februari 2011 mkewe aliyaondoa malalamiko yake, lakini shitaka la bunduki lilibaki. Tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 24. Chanzo cha kuanguka kwake kilibishaniwa sana. Kesi ya bunduki haikufikia hukumu, maana mshitakiwa alikuwa kaburini.

Sasa tuwarudie vijana wa Mtae. Wa kwanza alisema kwamba yale yalikuwa maneno ya husuda, na kwamba mtu aliyeiletea nchi yake dhahabu hastahili kusumbuliwa kwa ajili ya bunduki moja. Wa pili alijibu kwa ukali kwamba mtu yule alikuwa mhalifu tu, na ilipasa afungwe siku ile ile bila ya kusikilizwa. Wenzao wakagawanyika, nusu huku na nusu kule, kama inavyokuwa siku ya mchezo wa Simba na Yanga.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilikosea, tena zilikosea kosa moja. Kila upande ulitoa hukumu bila ya kuona ushahidi. Wa kwanza alipima medali, wa pili akapima uvumi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitishwa. Katiba hiyo hiyo inasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayemtaka bingwa asishitakiwe kabisa ameivunja nusu ya pili, na anayemtaka afungwe kabla ya kesi ameivunja nusu ya kwanza.

Alikuwapo pale mzee mmoja aliyekuwa akiwasikiliza. Aliwaambia: "Wanangu, nchi hii yetu imewahi kuwa na mashujaa wawili wenye silaha. Mnawajua?" Kisha akawasimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyeingia Usambara na mbwa wake na mikuki yake, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mazao ya watu, na nyama akaigawa, hata wananchi wenyewe wakamfanya mtawala wao. Akawasimulia pia habari za Semboja wa Mazinde, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa chini kwenye njia ya misafara akikusanya bunduki. Baada ya kufa kwa Kimweri katika miaka ya 1860, bunduki hizo zilimwondoa mrithi katika mji wa Vugha, na watu wa milimani wakakamatana na kuuzana hadi Pangani, na kutoka Pangani wakavushwa kupelekwa visiwani. Msomaji wa Unguja na Pemba anaweza kuzisoma habari za ukoo huo katika kitabu cha Habari za Wakilindi alichokiandika Abdallah bin Hemedi.

"Mkuki wa Mbegha," akasema mzee yule, "kila mtu aliuona na kujua kazi yake. Silaha ya kufichwa haina kazi njema." Vijana hawakumjibu, na sisi tuliobaki tukakumbuka jambo letu wenyewe.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, katika shule ambayo hataitaja, timu yao ilikuwa na mshambuliaji mmoja hodari. Kijana huyo alikuwa na kisu cha kukunja, akipenda kuwaonyesha wadogo ili wamwogope. Siku mbili kabla ya mchezo mkubwa, mwalimu wa zamu alikuja kupekua bweni. Mwandishi huyu ndiye aliyekichukua kisu kile na kukificha ndani ya gunia la mahindi. Mwalimu hakukiona. Timu ilishinda, na mfungaji akabebwa. Wiki tatu baadaye alimkata mwenzake mkononi kwa ugomvi wa jozi ya viatu. Aliyekatwa hakuweza tena kuvikunja vidole vyake viwili, na mshambuliaji wetu alifukuzwa shule, hakucheza tena. Laiti kisu kile kingekamatwa siku ya upekuzi, angepigwa viboko, angekosa mchezo mmoja, na wote wawili wangemaliza masomo. Tuliomficha tulidhani tunampenda.

Na huko chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mapema kwamba yatupasa kumsaidia ndugu anayedhulumiwa na ndugu anayedhulumu pia, na kwamba msaada wa huyu wa pili ni kuuzuia mkono wake. Tuliyahifadhi maneno, lakini siku ya kuyatumia tukayasahau.

Wala jambo hili si la mabweni yetu tu. Januari 2013, katika mkahawa mmoja wa Johannesburg, bastola ililia mikononi mwa Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyejulikana dunia nzima. Rafiki yake alieleza baadaye mahakamani kwamba Pistorius alimwomba aibebe lawama hiyo, naye akaibeba. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Februari, Pistorius alimpiga risasi mwenzi wake, Reeva Steenkamp, akamwua. Mwaka 2014 mahakama ilimtia hatiani kwa risasi ile ya mkahawani pia, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kosa la kuua lilikuwa la kukusudia. Hakuna awezaye kuapa kwamba sheria ingechukua mkondo wake Januari, msiba wa Februari usingetokea. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na marafiki wa bingwa wanapaswa kuifikiri habari hiyo kwa makini.

Sisi Watanzania tunao mfano mwema wa kuwaonyesha vijana. Juma Ikangaa alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, mtu aliyefundishwa bunduki na kuaminiwa nayo kwa mujibu wa sheria. Lakini mwaka 1989, aliposhinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, dunia ilimjua kwa miguu yake. Silaha ilibaki kambini, mahali pake.

Basi tunasema nini? Kwanza, kwa mashabiki. Mwanamichezo wenu akishitakiwa, msimwache wala msimfiche. Nendeni mkamjulie hali, msaidieni apate wakili, na mwacheni hakimu afanye kazi yake. Na kama mnajua kwamba nyumbani kwake kuna silaha isiyo na kibali, mshaurini aisalimishe kabla ya kukamatwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuweka fungu la mabingwa, na mara kadhaa serikali imetangaza muda wa watu kusalimisha silaha kwa hiari bila ya kushitakiwa.

Pili, kwa walimu na wakuu wa vyuo. Mchezaji asipewe msamaha ambao mwanafunzi mwingine hapewi. Kijana anayefunga mabao ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumwambia hapana, maana wa kumwambia ndiyo anao wengi.

Tatu, kwa maofisa wa serikali, wa bara na wa visiwani. Kesi ya mtu mwenye jina isicheleweshwe kwa kuogopa makelele ya mashabiki, wala mshitakiwa asitembezwe mbele ya wapiga picha kama mateka wa vita. Kesi inayokaa bila ya kuamuliwa humwacha mtu katikati, si mwenye hatia wala si msafi, na kukaa katikati namna hiyo ni mzigo mzito kwa kijana. Wanjiru alikufa akiwa katika hali hiyo.

Usiku ulipoingia Mtae ukungu ulipanda kutoka nyikani, na vijana wale wakaondoka wakiwa bado wanabishana, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. Tunaomba ubishi huo uendelee katika kila kijiji na kila mtaa wenye uwanja. Dhahabu ya michezo ni mali ya taifa, lakini kijana anayeileta ni mtoto wa watu, na mtoto wa watu hulelewa kwa kukanywa mapema kabla mkono wake haujamdhuru mwenziwe au yeye mwenyewe.